Tundu la Mafuta

Hotuba ya fundi simu kwa wahitimu wa fani ya elektroniki, Dar es Salaam

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mlioacha shughuli zenu siku ya kazi, na ninyi wahitimu wenyewe. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, mambo vipi.

Nilipoalikwa niliombwa nizungumzie mafanikio. Nikakubali, maana nani anakataa kuitwa mtu aliyefanikiwa? Nikaandika kurasa mbili. Halafu juzi usiku, nikiwa nafunga kibanda changu pale Kariakoo, mguu ukagonga hili boksi la viatu mnaloliona mezani, nikazichana zile kurasa. Humu ndani mna simu 41. Zote zimenishinda. Wenyewe walikata tamaa wakaniachia kwa maneno tunayoyajua sote: "Basi fundi, chukua tu spea." Nimekaa nazo miaka. Na ukizikagua moja moja, ni chache zilizokufa kwa ugonjwa usiotibika. Nyingi zilikuwa na ugonjwa mdogo kabisa: betri, tundu la chaji, kitufe cha kuwashia. Zilikufa kwa kuwa njia ya kuufikia ugonjwa ilikuwa imezibwa, na aliyeiziba aliiziba siku ileile simu ilipozaliwa.

Nianzie mbali kidogo, mnivumilie.

Mama yangu alikuwa mshonaji. Alikuwa na cherehani ya Singer, ile ya kukanyaga, yenye mwili mweusi na maua ya dhahabu yaliyofutikafutika. Kila Jumamosi, kabla hajagusa kitambaa, alichukua kikopo cha mafuta chenye mdomo mrefu akadondosha tone moja moja kwenye vitundu vidogo vilivyotobolewa juu ya chuma. Mimi kazi yangu ilikuwa kufuta mafuta yaliyozidi ili yasiharibu gauni la mtu. Siku moja nikamuuliza nani alivitoboa vile vitundu. Akajibu, "Waliotengeneza." Nikadhani ananifukuza nikacheze.

Nimekuja kulielewa jibu lile nikiwa na watoto wangu. Aliyelitoboa lile tundu alikuwa na cherehani mpya mbele yake, haina mkwaruzo hata mmoja. Akajua chuma kitasagana na chuma. Akajua itakuwa mikononi mwa mtu asiyemfahamu, katika nchi ambayo pengine hajawahi kuisikia, na kwamba siku hiyo yeye hatakuwepo. Basi akamwachia mlango. Tundu la mafuta ni ungamo la mbunifu kwamba kitu chake kitachoka. Ile cherehani iko kwa dada yangu mpaka leo na inashona.

Sasa tuje kwenye simu.

Wengi wenu mliikuta Nokia 1100 mikononi mwa babu zenu. Huku tuliiita kitochi. Majirani zetu wa Kenya simu za namna ile waliziita mulika mwizi, na jina lao ni zuri kuliko letu, lazima nikiri. Ilitoka mwaka 2003 na ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Watu huitaja kwa tochi yake. Mimi fundi naitaja kwa vitu vingine. Vitufe vyake vilifunikwa kwa mpira wa kipande kimoja ili vumbi lisipenye, maana waliomchora mteja wao walimchora akiwa kwenye barabara ya vumbi. Kifuniko cha nyuma unakifungua kwa ukucha. Betri inatoka yenyewe. Chini yake skrubu za nyota chache, ukizitoa uko ndani. Nilijifunzia kazi kwenye simu ile, na mzee aliyenifundisha alikuwa hajui kusoma Kiingereza hata neno moja. Hakuhitaji. Simu yenyewe ilikuwa inaeleza inavyofunguliwa.

Na ile betri! Inaitwa BL-5C. Hebu nyosheni mikono mliokwisha kuiona ndani ya kitu kisichokuwa simu. Naona mikono mingi. Nani ameiona kwenye redio ndogo? Spika ya kutembea nayo? Simu ile imekwisha zamani, lakini betri yake bado inauzwa, kwa sababu kiwanda kimoja baada ya kingine kilisema: kwa nini nibuni umbo langu wakati hili tayari liko kila duka? Hakuna aliyepitisha sheria. Lilikuwa umbo la kawaida, linatoka kwa ukucha, basi. Mvuvi akinunua redio leo na betri ikamfia, hamtafuti mwenye kiwanda. Anamtafuta mwenye meza ya spea.

Ngoja niwape kisa kimoja juu ya betri hiyohiyo, ambacho naona wabunifu wangekisoma darasani. Agosti 2007 Nokia walitangaza kwamba betri za BL-5C milioni 46, zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita, zilikuwa na uwezekano wa kupata joto kali zikiwa kwenye chaji. Milioni 46 ni janga. Dawa yake ikawa nini? Mwenye simu akaangalia namba, akafungua kifuniko, akatoa betri mbaya, akapewa nzuri. Simu ikabaki mfukoni. Njooni mwaka 2016. Samsung wakatoa Galaxy Note 7, simu ya fahari, betri imefungiwa ndani. Betri zikaanza kuwaka moto. Wakazirudisha simu zipatazo milioni 2 na nusu. Simu nzima, pamoja na kioo chake, kamera yake na bodi yake, vyote vizima. Wakatoa mpya zenye betri kutoka kwa mtengenezaji mwingine, nazo zikawaka, na Oktoba wakaacha kabisa kuitengeneza. Niwatendee haki: betri za pili nazo zilikuwa na kasoro, hivyo kifuniko cha ukucha kisingeponya kila kitu. Lakini angalieni tofauti. Kule betri mbaya ilikuwa tatizo la betri. Huku betri mbaya ikawa kifo cha simu.

Mnajua wenyewe mnachokutana nacho mezani siku hizi. Anakuja mama lishe, simu yake mgongo umebinuka kama samaki aliyekaangwa mzima. Betri imevimba. Ugonjwa wenyewe ni wa kawaida; betri ya lithiamu huanza kuchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, na hilo halina mchawi. Ungetaka uitoe uweke nyingine, umalize kabla wali wake haujaiva. Badala yake unawasha hita, unaupasha mgongo joto, unapitisha kadi ya plastiki taratibu kwenye gundi, unaomba Mungu kioo kisipasuke, unaikuta betri nayo imegandishwa kwa gundi yake, unaanza kuing'oa ikiwa imejaa gesi, na mkono wako uko juu ya kitu ambacho ukikitoboa kinawaka. Kwa sababu ya betri! Kitu ambacho kila aliyeshiriki kuibuni simu ile alijua kitakuwa cha kwanza kufa. Nimeungua mara mbili. Kovu la pili hili hapa.

Ukiwauliza kwa nini gundi, utaambiwa maji. Simu isiyoingia maji lazima ifungwe kwa gundi. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza niliamini. Kisha nikakumbuka Galaxy S5 ya 2014, ya kampuni ileile ya Note 7: ilithibitishwa kustahimili maji, na mgongo wake ulifunguka kwa ukucha. Kifuniko kilikuwa na ukanda wa mpira kuzunguka betri. Mwaka mmoja baadaye ikaja S6, imegandishwa, na kinga ile ya maji haina. Basi maji hayakuwa sababu yote.

Hapa ndipo mtu hupanda jukwaani akasema: ni njama! Wanakaa usiku kucha wanapanga namna ya kutukamua! Nami nataka twende taratibu, kwa sababu ninyi ni mafundi na fundi hatakiwi kubahatisha ugonjwa.

Njama imewahi kuwepo. Moja inajulikana vizuri kwa sababu karatasi zake zilibaki. Desemba 1924, mjini Geneva, watengenezaji wakubwa wa balbu duniani waliunda umoja walioupa jina la Phoebus. Walikuwemo Osram wa Ujerumani, Philips wa Uholanzi, Wafaransa, Wajapani, na General Electric ya Marekani kupitia kampuni zake tanzu. Waligawana masoko. Na wakakubaliana kwamba balbu ya kawaida iwake saa 1,000. Kabla ya hapo balbu zilizowaka saa 1,500 mpaka 2,000 zilikuwepo madukani. Viwanda vilipeleka sampuli Uswisi zikapimwe, na ambaye balbu yake iliishi kupita kiasi alipigwa faini. Nirudie: alipigwa faini kwa kutengeneza kitu kinachodumu. Vita vya pili vya dunia ndivyo vilivyousambaratisha umoja ule.

Lakini subirini, msipige makofi bado. Mwalimu wenu wa umeme atawaambia, na atakuwa sahihi, kwamba waya wa balbu ukiuendesha kwa joto kali unatoa mwanga mwingi kwa kila wati na unakufa mapema. Ukiuendesha kwa joto dogo unaishi sana lakini unakula umeme na kutoa mwanga hafifu. Kule Livermore, California, kituo cha zimamoto kina balbu inayowaka tangu 1901. Watu huipiga picha kama mtakatifu. Ukiitazama, mwanga wake ni wa wati nne hivi, kama taa ya chumba cha mtoto mchanga. Hata tume ya Uingereza iliyochunguza ukiritimba wa balbu ilisema katika ripoti yake ya 1951 kwamba saa 1,000 ni wastani unaokubalika kati ya maisha na mwanga. Kwa hiyo hesabu ya Phoebus ilikuwa na uhandisi ndani yake. Swali langu ni moja tu: kama ni uhandisi, faini ya nini? Kizuri chajiuza. Ungeweka dukani balbu ya mwanga mkali na balbu ya maisha marefu, mteja akachagua. Wao waliondoa moja kwenye rafu.

Na mambo hayo hayakuishia zamani. Balbu zetu za LED mnazijua. Boksi linasema saa 15,000, na mwaka haujaisha inaanza kuwayawaya kama taa ya disko. Mkizipasua mnakuta LED yenyewe, kile kipande kinachotoa mwanga, mara nyingi ni nzima. Kilichokufa ni saketi ya kuiendesha; kapasita, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme, imekauka kwa joto. Na joto limetoka wapi? Mtengenezaji ametumia LED chache akazisukuma mkondo mkubwa ili apunguze gharama. Mwaka 2016 Manispaa ya Dubai iliwataka Philips watengeneze balbu ya kinyume chake. Wakaweka LED nyingi zaidi, kila moja inasukumwa kidogo, inakaa baridi. Wati 3 ikashika nafasi ya balbu ya zamani ya wati 60. Ni maarifa yaleyale, na jina la kampuni ni lilelile lililokuwa Geneva. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mnunuzi alikuwa mji mzima na alijua cha kuomba.

Kuna kisa kingine nakipenda kuliko vyote. Ujerumani Mashariki, ile iliyokuwa ya kikomunisti, ilikuwa na uhaba wa malighafi. Wakasema: glasi za baa zinavunjika mno, tengenezeni isiyovunjika. Wahandisi wao wakaichovya glasi kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa. Atomu za sodiamu zilizo juu ya uso wa kioo zinatoka, nafasi zake zinashikwa na za potasiamu ambazo ni kubwa zaidi, zinabanana, na kioo kinakuwa kigumu kupita kiasi. Glasi zile ziliitwa Superfest. Kati ya 1980 na 1990 kiwanda cha Schwepnitz kilitengeneza zipatazo milioni 120. Wakajaribu kuziuza Magharibi. Zikakosa mnunuzi, maana muuza glasi anaishi kwa glasi zinazovunjika. Ukuta wa Berlin ulipoanguka kiwanda kikasimama. Sasa toeni simu zenu mifukoni mguse kioo. Ugumu wa kioo hicho mnachokigusa unatokana na kanuni hiyohiyo, potasiamu kuchukua nafasi ya sodiamu. Elimu haikupotea. Ilipata mahali ambapo mteja atabadilisha kifaa kizima hata kama kioo chake hakijavunjika.

Kwa hiyo mkiniuliza mimi, njama za kukaa mezani na kutia sahihi ni chache. Kinachoua simu nyingi ni jambo dogo zaidi na linatisha zaidi: katika chumba kile cha kubuni hakuna aliyemtaja fundi. Mmoja anadai iwe nyembamba. Mwingine anadai gundi inaokoa sekunde kadhaa za kuunganisha kuliko skrubu. Mhasibu anapiga hesabu. Hakuna mbaya hata mmoja kati yao. Ila hakuna aliyeuliza, "Betri ikifa atafanyaje?" Na mhasibu, hata akiulizwa, hana haraka ya kujibu.

Kisha kuna kifo kisichoonekana kwa hadubini. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Kihandisi wana hoja, na naomba mnielewe: betri ikizeeka ukinzani wake wa ndani unapanda, prosesa, ubongo wa simu, ikivuta mkondo ghafla volti zinashuka, simu inazima katikati ya mazungumzo. Kupunguza kasi kunaizuia isizime. Ningeweza kufanya hivyo hata mimi. Dhambi yao ilikuwa kunyamaza. Watu walienda kununua simu mpya kumbe walihitaji betri. Walipobanwa, bei ya kubadilisha betri ikashuka kutoka dola 79 mpaka 29, watu wakaweka betri mpya, na simu "kuukuu" zikakimbia kama zamani. Februari 2020 Ufaransa iliwatoza euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Pale Kariakoo fundi akijua ni betri akakwambia "simu yako imezeeka, nina nyingine hapa ya bei nzuri", tuna jina lake. Tapeli.

Programu ndiyo itakayowatesa ninyi zaidi kuliko sisi. Kompyuta nyingi za maofisini zilitangaziwa kifo tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10, na nyingi kati yake haziwezi kupokea Windows 11 kwa kukosa kijichipu kimoja cha usalama au kwa kuwa prosesa yake imehesabiwa kuwa ya zamani. Zinawaka, zinaandika, zinachapa. Wekeni Linux humo, programu ya bure ya kuendeshea kompyuta, muwape wanafunzi wa sekondari, msizipeleke stoo zikaliwe na mende. Simu za bei ya chini tunazouziana hapa nazo hupata masasisho kidogo, kisha siku moja programu ya meseji inakwambia kistaarabu kwamba simu yako haikubaliki tena. Bodi nzima, kioo kizima, na hakuna pasi ya kuchomelea inayofika huko.

Wazungu wameanza kutunga sheria. Ufaransa tangu 2015 kupanga kifo cha kifaa ni kosa la jinai, kifungo mpaka miaka 2, na tangu Januari 2021 mpaka Juni 2025 simu iliyouzwa kule ilibandikwa alama kati ya 10: inafunguka vipi, spea zipo, zinauzwa bei gani. Umoja wa Ulaya kuanzia Juni 2025 unadai spea za simu zipatikane miaka 7 na masasisho ya programu miaka 5, vyote vikihesabiwa tangu aina hiyo ilipoacha kuuzwa. Kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo, kwa sehemu kubwa, zitatakiwa zitoke bila zana za ajabu. Mtasema hiyo ni ya kwao. Angalieni waya wa chaji. Ulaya ilidai tundu la aina moja kuanzia mwisho wa 2024, na iPhone ikabadilika mwaka 2023, dunia nzima, pamoja na zile mnazouziwa hapa. Kiwanda hakipendi kutengeneza simu mbili tofauti. Wakibanwa Brussels, tunapumua Kariakoo.

Lakini nisiwalaumu wa mbali nikawaacha wa karibu. Sisi mafundi tumechangia. Tunaweka betri feki tukijua ni feki. Tunanyofoa spika nzima kwenye simu ya huyu tukamwekea yule. Hatuandiki risiti. Mteja akirudi baada ya wiki mbili tunamwambia "umeiangusha". Mtu akidanganywa mara tatu na fundi, ya nne anaenda dukani kununua mpya, na hapo kiwanda hakihitaji njama yoyote. Niliwahi kufanya hivyo. Sitasema mara ngapi, wazazi wangu wa kiroho wako humu ndani.

Na kuna wenzetu wa upande wa pili. Katika betri nyingi za hizi simu kuna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, sehemu kubwa eneo la Kolwezi. Mtu anayeichimba kwa mikono pale, ukimsalimia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiswahili. Jiwe linatoka kwa mtu wa lugha yetu, linazunguka mpaka China, linarudi kwetu likiwa simu, linakaa miaka miwili, linaishia dampo la Pugu kwa sababu ya gundi. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme, na ambazo zilijulikana kukusanywa na kurejelezwa vizuri hazifiki robo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuwahi kuletewa ukuta uliojengwa ili ufa wake usizibike.

Sasa nimalizie na jambo lililonitokea hapahapa chuoni, leo asubuhi.

Nilifika mapema nikapita koridoni kuangalia kazi zenu za mwisho. Nimeona mambo mazuri. Kuna kijana ametengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga. Mbao safi, kioo cha kuchungulia, joto linajidhibiti, trei inageuza mayai yenyewe. Nikafurahi. Nikaomba nione kisanduku cha udhibiti. Akakifungua, na ndani sikuona kitu. Bodi yote imemwagiwa gundi nyeusi, imeganda kama lami ya barabara. Nikamuuliza, ya nini? Akajibu kwa heshima, "Mzee, wasije wakaniibia mchoro."

Namwelewa. Amekesha miezi kadhaa, na anajua mjini hapa kitu kizuri kinaigwa kabla rangi haijakauka. Simlaumu hata kidogo, na naomba asiinamishe kichwa, kazi yake ni bora. Lakini nikamwambia tufikirie mama mmoja Singida. Ameinunua hii mashine kwa mkopo wa kikundi. Ameweka mayai, na mayai ya kuku ni siku 21. Siku ya 14 sensa ya joto inakufa. Ni sensa ya shilingi elfu chache, wewe unayo droo nzima. Fundi wa redio yuko mtaa wa pili kwake, ana pasi, ana risasi ya kuchomelea, ana akili. Anafungua kisanduku anakutana na lami. Vifaranga wameshaumbika ndani ya mayai. Na wewe, mwanangu, uko Dar, simu yako haipatikani.

Akanyamaza. Kisha akaniuliza swali zuri: "Sasa nitajilindaje?" Sikuwa na jibu kamili, na sitajifanya ninalo mbele yenu. Nilichomwambia ni hiki: ifiche programu iliyo ndani ya chipu kama unaona lazima, hiyo ndiyo akili yako, ila sensa, feni, rilei (ile swichi inayowashwa na umeme) na tundu la umeme viache nje, kwenye vishikio vya skrubu, na jina la kila kimoja kimeandikwa pembeni. Redio za mbao za zamani, nyingi zilikuwa na mchoro wa saketi umebandikwa ndani ya kifuniko. Waliozibuni nao walikuwa na washindani, na wakali kuliko wenu.

Mkuu wa chuo, naona unaangalia saa. Boksi hili nawaachia maabara. Zote 41. Bisibisi na hita nimeziweka pembeni, na betri zilizovimba nimezitoa zote, msiwe na wasiwasi. Mwaka wa pili wazifungue moja moja, na kwa kila moja waandike ni wapi mbunifu alimsahau fundi.

Na wewe kijana wa vifaranga, gundi ile inalainika kwa hewa ya moto ukiwa na subira. Nimekuja na bloa yangu, iko kwenye bajaji. Tukishagawa vyeti nikute koridoni. Najua mashine ina mayai ndani na leo yana siku ya tisa, ulinionyesha ulivyoandika kwa penseli. Usiogope. Kuku mwenyewe huacha kiota akaenda kula. Dakika ishirini hazitawadhuru.